Mkaa wa vifuu: tangu Sabasaba raha tupu, masika umeniotea ukungu

Jamani, saa kumi na moja alfajiri, giza bado, nimekata kamba ya mfuko mpya wa mkaa namulika na tochi ya simu, naona mkaa umevaa manyoya meupe. Ukungu! Kama mkate uliosahaulika kabatini. Nina miaka kumi na tisa napika barabarani hapa Temeke, mkaa uliomwagiwa maji nishauziwa, gunia lenye mawe chini nishauziwa, mkaa mwepesi unaoisha kabla maji ya chai hayajachemka nao nishauziwa, ila mkaa ulioota ukungu ndo mara ya kwanza kuuona tangu nizaliwe. Nikamwita binti anayenisaidia nikamwambia njoo ushuhudie mwenzangu nisije nikaonekana mwongo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo maana sitaki mtu aseme nimekuja hapa kuharibia watu biashara. Huu mkaa mimi nimeusifia mwenyewe kwa mdomo wangu, kuna mashoga zangu watatu wameununua kwa sababu yangu, kwahiyo lazima niseme yote, mazuri na mabaya.

Nilikutana nao kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba mwaka jana. Mnajua Sabasaba ilivyo, umeenda kununua ndoo na mabeseni unajikuta umesimama kwenye banda unapewa somo. Kijana kachangamka, kavaa tisheti ya kampuni, ana jiko linawaka na sufuria ya maji juu yake, akaniambia mama huu mkaa hatukati mti hata mmoja, ni vifuu vya nazi. Akaanza kunihubiria, sijui mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024, sijui ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi, nikamwambia mwanangu hayo mazuri ila mimi nataka kujua maharage yataiva saa ngapi. Akacheka. Akaniambia mama kilo moja inawaka masaa manne. Hapo ndo uongo wa kwanza, tutaufikia.

Nikachukua kilo tano za kujaribia. Vipande vyake ni vya mviringo, virefu kama kidole cha kati, vina tundu katikati, vizito, ukigonga kimoja kwa kingine vinalia kama vigae. Huo mlio ukumbukeni.

Asubuhi ya kwanza nilitukanwa. Sitanii. Nilijaza jiko kama ninavyojaza mkaa wa kawaida, nikamwaga mafuta ya taa, nikawasha kibiriti. Mafuta yakaungua yakaisha, vipande vikabaki vyeusi vinaniangalia. Nikamwaga tena. Moshi umejaa banda zima, vijana wa bodaboda wanaokunywa chai kwangu saa kumi na mbili kasoro wamekaa kwenye benchi wanakohoa, mmoja akasema mama leo unatufukiza au unatupikia. Walipoondoka kwenda kunywa kwa jirani nikataka niutupe wote.

Aliyeniokoa ni mzee wa mkaa, yule ninayenunuaga kwake siku zote hapo kona. Nikaenda shikamoo mzee, nipe sado moja haraka. Akauliza na huo mfuko wa nini, nikamwonyesha. Akakichukua kipande akakinusa, akakikwaruza na kucha, akasema huu usiuwashe peke yake, huu unawashwa na mwenzie. Na ndivyo ilivyo. Unawasha mkaa wa kawaida kidogo tu, kama konzi mbili, ukishakolea mwekundu unapanga hivi vipande juu yake ukiacha nafasi hewa ipite, unaacha kama dakika kumi na tano. Hupepei na boksi kama kichaa. Hauchokoichokoi, maana kikishika moto kinakuwa laini, ukikichokoa kinavunjika kinakuwa unga unaziba matundu ya jiko. Ukishakuwa mwekundu pembeni ndo unabandika sufuria, na ukishabandika we kaa chini menya vitunguu.

Na kuna kosa jingine nililifanya siku ya pili mlijue mapema. Mkaa wa mti tukimaliza kupika si tunaunyunyizia maji, tunauanika, kesho tunautumia? Huu usiunyunyizie maji. Nilinyunyizia, vikayeyuka vyote, nikabaki na tope jeusi. Kumbe kinachovishikilia ni uji wa muhogo, na uji ukilowa unaachia. Sasa hivi nikimaliza navitoa na koleo nyeusi zangu naviweka kwenye debe la bati nafunika na kifuniko kizito, vinakosa hewa vinazima vyenyewe, kesho vinatumika tena.

Sasa utamu wake. Mimi kila siku napika maharage kilo mbili na sufuria ya supu ya makongoro, hivi ndo vinavyonilia mkaa kuliko vyote. Kwa mkaa wa mti sufuria ya maharage naongeza mkaa mara tatu, na kila ukiongeza moto unashuka, unapanda tena, huku wateja wa saa sita wanaanza kuchungulia. Huu wa vifuu napanga mara moja, nikiona umeanza kuvaa majivu naongeza vipande vinne vitano basi. Moto wake sio mkali, ni moto wa taratibu umetulia pale pale, hauruki cheche, na sufuria zangu chini hazina masizi, binti amefurahi kuliko mimi maana yeye ndo msuguaji. Masaa manne hapana. Nilipima kwa saa ya ukutani, moto wa maana wa kuchemsha sufuria unapata masaa mawili na nusu hivi, baada ya hapo ni moto wa kuweka chakula kisipoe. Mbona angesema tu masaa mawili na nusu ningenunua vilevile?

Ila kwa chapati, mniamini, usijaribu. Chapati inataka moto unaoupandisha na kuushusha, huu hausikii. Nilipika chapati kumi za kwanza zimekauka kama maboksi kwa sababu zinakaa kwenye kikaango muda mrefu hazipati rangi. Chai ya alfajiri pia hapana, wewe ushakuwa na haraka na wenyewe hauna. Vitumbua sijajaribu ila naona itakuwa habari ile ile. Kwahiyo kwangu mgawanyo uko hivi, chai na chapati mkaa wa mzee, maharage makongoro na kande mkaa wa vifuu, na mtungi wangu mdogo wa gesi wa kilo sita ni wa kukaangia mayai na kuunga. Atakayekuja kwangu kunihubiria niache kimoja anipe kwanza sufuria ya makongoro aniivishie kwa kilo sita za gesi tuone zitakaa siku ngapi.

Hela sasa. Hapa watu wengi wanajichanganya kwa sababu mkaa wa mti tunaununua kwa sado na huu unauzwa kwa kilo, kwahiyo mtu anasikia mfuko elfu thelathini anashtuka. Mimi niliazima mzani wa jirani anayeuza nyama, sado ya mkaa ya 2,500 niliyonunua siku hiyo ikasoma kilo moja na gramu mia mbili, na hapo ilikuwa imejazwa na kichuguu juu. Sado hiyo hiyo nikaijaza vipande vya vifuu, ikasoma kilo mbili na kitu. Umeona? Kwa macho ni sado na sado, kwa mzani huu ni karibu mara mbili. Mfuko wao wa kilo 25 ni 30,000, boda 3,000 mpaka hapa. Kwangu unakaa siku kumi na mbili za kazi. Ule wa mti kwa maharage na supu peke yake nilikuwa natumia sado mbili kwa siku, 5,000, siku kumi na mbili elfu sitini. Huu 33,000, jumlisha mkaa wa jero kila siku wa kuwashia, elfu sita, jumla 39,000. Elfu ishirini na moja inabaki mfukoni. Kwa mama ntilie hiyo ni kodi ya meza na chenji inabaki.

Kwahiyo kuanzia mwezi wa nane mpaka wa pili nilikuwa mteja wao kabisa, na ndo nikataka niende nikaone unatengenezwaje maana mimi siwezi kula kitu nisichojua kimetoka wapi, hata kama ni mkaa. Wakaniruhusu. Karakana yao iko mbele huko baada ya Gongo la Mboto, uwanja mkubwa, mabati juu upande mmoja tu.

Vifuu wanavipata sokoni kwenye mashine za kukunia nazi. Hii ilinifurahisha maana Tandika pale na Stereo nilikuwa naviona vimerundikwa nikidhani ni takataka, kumbe kuna watu wanapita na kirikuu wanakusanya. Makumbi ya madafu wanayakataa, au wanayachukua kwa nadra, kwa sababu yamejaa maji na yanakaa wiki kadhaa juani kabla hayajawa kitu. Kifuu cha nazi iliyokomaa ni kigumu, kikavu, ndo kinachotoa mkaa mzito.

Wanachoma kwenye mapipa ya lita 200 yaliyotobolewa chini. Vifuu vinajazwa, vinawashwa, mwanzoni unatoka moshi mweupe mzito unaowasha macho, kijana aliyekuwa anasimamia akaniambia mama huo ni maji yanatoka, tunasubiri moshi ubadilike. Baada ya kama saa moja na nusu hivi ukaanza kuwa mwembamba wa bluu kwa mbali, akasema sasa, wakafunika pipa na mfuniko wakaziba mizunguko yote na tope na chini wakaziba vilevile, ndo mpaka kesho. Ukichelewa kufunika unakuta majivu, ukiwahi unakuta vifuu vibichi vinavyotoa moshi jikoni kwa mteja. Nikamuuliza unajuaje dakika yenyewe, akasema macho tu mama. Nikamwelewa, ni kama mimi na mafuta ya maandazi. Akaniambia vifuu kilo mia vinatoa mkaa kilo ishirini na tano, thelathini ukibahatika. Nikaona kidogo, akanikumbusha kule porini kwenye tanuri la udongo kuni kilo kumi zinatoa kilo moja mpaka mbili tu. Nikaja kumuuliza mzee wa mkaa akakubali, akasema ndo maana malori yanazidi kwenda mbali, zamani mkaa ulikuwa unatoka Kisarawe hapo, sasa hivi mpaka Kilosa, Handeni, Lindi huko. Alafu akaongeza, mwanangu 2006 mkaa ulipigwa marufuku kabisa nchi nzima, na mimi bado nipo hapa kona.

Ukitoka kwenye pipa unasagwa, unga unachanganywa na uji wa muhogo, na uji wenyewe ni kidogo tu, ukizidisha mkaa unatoa moshi na harufu ya ugali ulioungua. Unapita kwenye mashine yenye skurubu ndani inausukuma unatoka kama soseji ndefu nyeusi, wanakata, wanapanga kwenye vichanja vya waya, unaanikwa siku tatu mpaka tano. Juani. Narudia, juani. Hawana kikaushio chochote. Nikauliza na masika mnafanyaje, bosi wao akasema tunafunika na turubai. Ningekuwa na akili ningeelewa hapo hapo.

Mwezi wa tatu wakaanza kusumbua. Unaagiza Jumatatu unaletewa Ijumaa, WhatsApp wanaona hawajibu. Mwezi wa nne mvua zimechachamaa ukaja huo mfuko wa manyoya. Nilipopiga simu yule dada wa oda akaniambia, mama huo ni ukungu wa kawaida, anika utatoka. Ukungu wa kawaida! Hata hivyo nikasema niwe muungwana. Nikapata siku tatu za jua nikauanika wote juu ya bati, nikafuta, nikapima tena kwa jirani wa nyama. Kilo ishirini na moja na nusu. Kwa hiyo kilo tatu na nusu zilikuwa maji, nimeuziwa maji kwa buku na mia mbili kwa kilo, ghali kuliko maji ya chupa ya kiwandani.

Na bado. Hata baada ya kukauka haukuwa ule. Ukigonga kipande kwa kipande haulii, unatoa mlio wa tope kavu. Ukiwaka unafubaa haraka, na cha ajabu kipande kinakwisha moto lakini kinabaki na umbo lake vilevile, kipande kizima cha majivu kina tundu lake katikati, kimesimama. Mkaa safi ukiisha unaanguka unga. Kinachobaki kimesimama hivyo ni udongo jamani, kimechomwa kama chungu. Nikafanya jaribio, nilikuwa nimebakiwa na vipande vya zamani kwenye ndoo, nikachoma kilo moja ya zamani na kilo moja ya mpya, majiko mawili, majivu nikayapima. Ya zamani gramu themanini. Ya mpya gramu mia tatu arobaini! Theluthi nzima ya mkaa wangu haiwaki, nimeilipia, nimeilipia na boda, na binti ameibeba kwenda kuitupa.

Nikaenda tena kule. Bosi hakukataa, hilo namsifu, wengine wangenifukuza. Akaniambia mama vifuu vimepanda bei, kuna wanunuzi wengine wanavigombania. Na ni kweli, mkaa wa vifuu una ndugu yake tajiri. Huo huo ukipelekwa kwenye joto kali sana na mvuke, digrii mia nane mpaka elfu, unatoboka vitundu vidogo vidogo visivyoonekana mpaka gramu moja inakuwa na eneo la ndani linalofika mita za mraba elfu moja, ndo ile kaboni wachimbaji wa dhahabu kule Geita na Kahama wanaitumia kunasia dhahabu kwenye maji ya sayanaidi, na ndo ipo ndani ya vichujio vya maji vya dukani. Sasa mama ntilie utashindana na dhahabu? Kwahiyo kifuu kikipungua wao wakaongeza pumba za mpunga, na pumba hata ukiichoma vipi ina majivu mengi meupe kwa asili yake, alafu ili ishikane vizuri wakaongeza na udongo. Nikamwambia baba, ungeniambia. Ungeandika kwenye mfuko, huu ni wa mchanganyiko, bei elfu ishirini, mimi ningeamua. Mfuko ni ule ule, picha ya nazi ile ile, bei ile ile. Hapo ndo mmenikosea.

Hili la kuuliza mkaa umetengenezwa na nini naomba mlichukue kwa uzito, maana siku hizi chochote cheusi cha mviringo kinaitwa mkaa mbadala. Kuna ule wa STAMICO, shirika la madini la serikali, unaitwa Rafiki Briquettes, ule unatokana na makaa ya mawe, yanachimbwa ardhini kule Kiwira, sio vifuu wala pumba, ni kitu kingine kabisa na wanasema wazi ni makaa ya mawe. Kuna wa vumbi la mbao, kuna wa chenga za mkaa, zile tunazokanyaga chini kwa muuza mkaa, zinakusanywa zinafinyangwa upya. Sio kwamba kimoja ni haramu kingine halali, ila kila kimoja kina moto wake na majivu yake na bei yake inatakiwa iwe yake. Muuzaji akikujibu tu ni mkaa mbadala mama, muulize mbadala wa nini na umetoka kwenye nini.

Bidhaa zao nyingine nizipitie haraka. Wanauza unga wa mkaa wa shambani, kifuko cha kilo tano. Nilipewa bure kama pole mwaka jana walipochelewesha oda moja. Mara ya kwanza niliumwaga hivyo hivyo kwenye matuta yangu ya mchicha nyuma ya nyumba, mchicha ukawa wa njano umenuna. Mama mmoja analima bustani bondeni akanicheka, akasema huo unga ukiwa mtupu unanyonya mbolea ya mmea kwanza, uchanganye na samadi ya kuku uloweke wiki mbili ndo uweke. Nikafanya hivyo, na kweli mchicha umeshika, tuta linakaa na unyevu hata nisipomwagilia jioni. Nzuri, ila maelezo kwenye kifuko hamna, hata mstari mmoja.

Kingine ni hicho wanachoita cha kuchujia maji, na hapa nitasema bila kuzunguka, wasiuze hivyo. Yule kijana aliniambia mama hata hivi vipande ukitumbukiza kwenye ndoo vinasafisha maji. Vina uji wa muhogo ndani! Na mifuko mingine ina udongo! Kaboni ya kuchuja maji ni ile iliyopitia ule moto wa mvuke na imesafishwa, sio mkaa wa makongoro. Na hata hiyo yenyewe haiui vijidudu, maji ya kunywa utachemsha tu.

Alafu hili la kutokuwa na moshi. Mvua za mwezi wa nne nilishusha maturubai pande zote za banda, jiko mbili za vifuu ndani, hakuna moshi hata kidogo, tumekaa raha mustarehe. Baada ya saa moja binti anasema kichwa, mimi kichwa, tumbo linachafuka, nikadhani malaria inatuanza wote wawili siku moja. Tukainua turubai upande mmoja tukapona. Ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mkaa wowote unaitoa, wa mti, wa vifuu, wa mawe. Usije ukaingiza jiko chumbani kwa watoto kwa sababu tu umeambiwa huu mkaa ni safi.

Mnaouliza kama bado nanunua. Tangu mwezi wa nne nimerudi kwa mzee wa mkaa kwa kila kitu na nimeumia, ile elfu ishirini na moja naiona inavyoondoka. Na maharage ya moto ule wa vifuu jamani yana utamu wake, yanaiva yote kwa pamoja hayapasuki, wateja wenyewe wameniuliza mbona siku hizi yamebadilika. Nilidai nibadilishiwe mfuko, bosi akakubali ila akasema nisubiri jua lirudi. Sasa wadau wanaotengeneza huu mkaa kama mnasoma hapa, tafuteni hata banda la nailoni la kukaushia kama yale ya miche, andikeni tarehe na kilichomo kwenye mfuko, na mnunue mzani unaoonekana na mteja. Nyota nne natoa kwa mkaa wa mwezi wa nane. Mfuko wa mwezi wa nne siutolei nyota, nautolea majivu.

Jana jioni kanipigia kijana wa boda wao, mama mzigo wako umekauka kabisa nauleta kesho. Nikamwambia mwanangu usishushe mfuko, njoo kwanza na vipande viwili mkononi, nitavigonga nisikie, alafu nitawasha kimoja tukae wote tunywe chai mpaka kiishe tuone kama kitaanguka au kitasimama. Akacheka akasema mama wewe una maneno. Kesho saa moja yuko hapa.